Je, Umeme wa Jua Nyumbani Unalipa? Namna ya Kupiga Hesabu Kabla ya Kununua

Katika Mkoa wa Katavi, fedha nyingi za kaya hupatikana kwa msimu. Mkulima wa mpunga wa Mpimbwe, mkulima wa tumbaku wa Inyonga na mvuvi wa Karema hushika fedha ya kutosha mara chache kwa mwaka, kisha huishi kwa kuipima miezi inayofuata. Ni katika siku hizo chache za fedha ndipo muuzaji wa mitambo ya umeme wa jua hupita nyumba kwa nyumba au kuweka meza mnadani, akieleza kwamba jua ni la bure na kwamba mtambo wake utajilipa wenyewe kwa muda mfupi.

Ni kweli kwamba jua ni la bure. Paneli, betri, inveta, nyaya, fundi na riba ya mkopo si vya bure. Makala haya yanamwonesha mtumiaji namna ya kujua, kwa hesabu ya kujumlisha na kugawanya tu, kama mtambo anaouziwa utamrudishia fedha yake au utamla mtaji wa msimu mzima. Hayamkatazi mtu kununua, wala hayamshawishi. Yanamtaka apige hesabu yake mwenyewe, kwa sababu mtambo ule ule unaweza kuwa uwekezaji mzuri kwa jirani mmoja na hasara kwa mwingine.

Bei za vifaa zilizotumika humu ni za mfano, zimewekwa ili hesabu ionekane. Msomaji aziondoe na kuweka bei halisi aliyopewa dukani.

Swali la kwanza: sola itachukua nafasi ya nini?

Mtambo wa umeme wa jua hauleti mapato kama shamba au duka. Faida yake ni gharama ambayo hutailipa tena. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei ya paneli, uliza kwanza: leo natumia fedha kiasi gani kwa mwanga, kuchaji simu na kuendesha vifaa, na nailipa kwa nani? Jibu la swali hili lina uzito kuliko jua lenyewe, kwa kuwa jua la Makanyagio na jua la Karema halitofautiani sana, lakini gharama ambayo sola inaiondoa hutofautiana mara nyingi.

Katika mkoa huu kuna makundi makubwa matatu. Kundi la kwanza ni kaya zilizounganishwa na TANESCO. Kwa miaka mingi Mpanda ililishwa na jenereta za dizeli za shirika hilo bila kuunganishwa na Gridi ya Taifa, na ujenzi wa njia ya kilovolti 132 kutoka Tabora kupitia Ipole na Inyonga hadi Mpanda ulikusudiwa kuondoa utegemezi huo. Kundi la pili ni kaya za vijiji na vitongoji ambavyo nguzo hazijafika, zinazotegemea tochi, mafuta ya taa, vibanda vya kuchaji simu na sola ndogo. Kundi la tatu ni wenye biashara wanaotumia jenereta ya petroli au dizeli.

Sola si jambo geni kwa wananchi wa vijijini. Utafiti wa hali ya upatikanaji wa nishati uliofanywa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu pamoja na Wakala wa Nishati Vijijini (REA) mwaka 2016 ulionesha kwamba, kati ya kaya za vijijini Tanzania Bara zilizokuwa na umeme, karibu asilimia 65 ziliupata kutokana na jua. Kwa hiyo kwamba sola inafanya kazi halina ubishi. Lililobaki ni kama inalipa.

Paneli hutoa umeme kiasi gani Katavi?

Nguvu ya paneli huandikwa kwa wati. Wati hizo ni kipimo cha maabara, kinachopatikana jua likiwa kali na paneli ikiwa baridi. Juu ya paa la bati mambo huwa tofauti: joto hupunguza nguvu ya paneli, vumbi la kiangazi na moshi wa kuchoma mashamba huziba mwanga, na umeme mwingine hupotea kwenye nyaya na inveta. Kwa hesabu ya nyumbani, chukua saa 5 za jua kamili kwa siku, kisha hesabu asilimia 75 tu ya kilichoandikwa.

Mfano: paneli zenye jumla ya wati 1,000, yaani kilowati 1, zitatoa 1 × 5 × 0.75, sawa na yuniti 3.75 kwa siku. Kwa mwaka ni takriban yuniti 1,370. Yuniti hii ni ile ile unayonunua kwa LUKU.

Kumbuka kwamba huu ni wastani wa mwaka. Kuanzia Novemba hadi Aprili, mvua na mawingu hupunguza uzalishaji, na hiyo pia ndiyo miezi ya kulima ambayo fedha imeadimika kwa wakulima wengi. Mtambo uliopimwa kwa jua la Agosti utakuacha gizani Januari.

Mpanda iko kusini mwa ikweta, takriban nyuzi 6. Kwa sababu hiyo paneli ielekezwe kaskazini, kwa mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15, ili ipate jua la kiangazi vizuri na mvua iweze kuiosha. Paneli iliyolazwa kabisa hukusanya vumbi, na ile iliyowekwa chini ya kivuli cha mwembe hupoteza sehemu kubwa ya umeme hata kama kivuli kimegusa kona moja tu.

Hesabu ya kwanza: kaya isiyofikiwa na nguzo

Tuchukue familia ya kijijini yenye simu mbili. Kila simu huchajiwa kibandani mara tatu kwa wiki kwa shilingi 500. Hiyo ni shilingi 3,000 kwa wiki, au 156,000 kwa mwaka. Betri za tochi ni shilingi 1,500 kwa wiki, au 78,000 kwa mwaka. Jumla ni shilingi 234,000. Kwa kuwa sola ndogo haitaondoa gharama hizi zote, tuseme itaokoa asilimia 80, yaani shilingi 187,200 kwa mwaka.

Seti ndogo ya paneli moja, betri, taa nne na sehemu ya kuchaji simu ikiuzwa kwa fedha taslimu shilingi 250,000, gawanya 250,000 kwa 187,200. Jibu ni mwaka mmoja na theluthi, yaani miezi 16 hivi. Betri nzuri ya seti hiyo ikidumu miaka mitatu au zaidi, familia itakuwa imefaidi kwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu kabla ya kununua betri nyingine. Huu ni uwekezaji mzuri, na juu yake kuna faida zisizoingia kwenye hesabu: moshi wa kibatari umetoka chumbani na mtoto anasoma jioni bila kukunja macho.

Sasa tazama seti hiyo hiyo ikiuzwa kwa utaratibu wa kulipa kidogo kidogo: shilingi 50,000 za kuanzia na shilingi 1,000 kila siku kwa siku 500. Shilingi 1,000 kwa siku inasikika ndogo. Lakini jumla yake ni shilingi 550,000, zaidi ya mara mbili ya bei ya taslimu. Fedha hiyo itarudi baada ya miezi 35 badala ya 16, na wakati huo huenda betri yenyewe imeanza kuchoka. Kwa tofauti ya shilingi 300,000, familia ingenunua seti ya pili na kubakiwa na chenji.

Utaratibu huo una manufaa yake: muuzaji hubeba sehemu ya hatari, na mara nyingi hurekebisha mtambo hadi deni liishe. Hata hivyo, kabla ya kuweka sahihi au dole gumba, uliza mambo matatu: jumla nitakayolipa hadi mwisho ni shilingi ngapi, mtambo utafungwa baada ya siku ngapi nisipolipa, na je, mkulima anaweza kulipa kwa msimu badala ya kila siku? Mtambo unaofungwa mwezi Januari kwa sababu mpunga bado uko shambani haukuokoi chochote.

Aidha, chunguza kwanza kama nguzo ziko karibu kufika. Kwa viwango vilivyoanza kutumika Januari 2022, ada ya kuunganishiwa umeme wa TANESCO kijijini ni shilingi 27,000. Kwa nyumba ndogo isiyohitaji kutandazwa nyaya nyingi kipo kifaa cha Umeme Tayari, maarufu kama UMETA, kinachounganisha taa na soketi chache mahali pamoja. Ikiwa laini inapita mbele ya nyumba yako, usitumie fedha ya msimu mzima kununua sola kubwa. Ikiwa bado iko mbali, sola ndogo ni daraja zuri la kukuvusha, na ukishaunganishwa itakufaa umeme ukikatika.

Hesabu ya pili: kaya ya mjini inayotumia umeme kidogo

Agizo la bei la EWURA lililoanza kutumika Aprili 1, 2016 liliweka shilingi 100 kwa yuniti kwa mteja wa daraja la D1, yaani mwenye matumizi ya wastani yasiyozidi yuniti 75 kwa mwezi. Ukiongeza Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18, tozo ya REA ya asilimia 3 na ya EWURA ya asilimia 1, yuniti moja inafika shilingi 122. Hesabu zote za makala haya zimetumia bei za agizo hilo. Soma risiti yako ya LUKU, na ukiona tofauti weka bei yako.

Familia inayotumia yuniti 60 kwa mwezi hulipa shilingi 7,320, au 87,840 kwa mwaka. Hata sola ikiondoa gharama hiyo yote, mtambo wa shilingi 2,000,000 ungehitaji zaidi ya miaka 22 kujilipa. Betri ingekuwa imebadilishwa mara kadhaa kabla ya hapo. Kwa kaya hii, sola kubwa si uwekezaji wa fedha. Kinachofaa ni taa moja au mbili za dharura zinazochajiwa kwa jua, na fedha iliyobaki ielekezwe kwenye balbu za LED na jokofu lisilokula umeme mwingi.

Zingatia pia kwamba kodi ya majengo, ambayo tangu Agosti 2021 inakusanywa kupitia ununuzi wa LUKU, ni kodi ya jengo na si gharama ya umeme. Muuzaji asiihesabu miongoni mwa akiba utakayoipata kwa kuweka sola.

Hesabu ya tatu: duka au kaya yenye matumizi makubwa

Mteja wa daraja la T1, linalojumuisha matumizi ya kawaida yanayozidi hayo, hulipa kwa agizo hilo shilingi 292 kwa yuniti, ambazo pamoja na kodi na tozo ni shilingi 356. Hapa hesabu huanza kubadilika.

Tuchukue duka la vinywaji na samaki katika mji wa Mpanda, lenye friza na jokofu. Mwenye duka anafunga mtambo wa kilowati 1 usio na betri, unaosaidiana na umeme wa TANESCO mchana, kwa bei ya mfano ya shilingi 2,200,000. Mtambo unatoa yuniti 1,370 kwa mwaka. Kama zote zingetumika, angeokoa karibu shilingi 487,700 na kurudisha fedha yake kwa miaka minne na nusu. Hii ndiyo hesabu ambayo muuzaji atakuonesha.

Lakini mtambo usio na betri huokoa fedha pale tu umeme unapotumika wakati jua linawaka. Jumapili duka likifungwa, au friza ikiwa imepumzika, umeme huo hupotea. Tuseme asilimia 60 ndiyo inayotumika: yuniti 822, sawa na shilingi 292,600 kwa mwaka. Muda wa kurudisha fedha unakuwa miaka saba na nusu. Kwa kuwa paneli bora hupewa dhamana ya uzalishaji ya miaka 25, na hupoteza takriban nusu asilimia tu ya nguvu kila mwaka, huo bado ni uwekezaji unaoeleweka kwa mtu mwenye fedha yake mwenyewe, ingawa inveta huenda ikahitaji kubadilishwa katikati ya safari. Usiweke kwenye hesabu mapato ya kuuza umeme wa ziada kwa TANESCO, isipokuwa una mkataba wa maandishi kutoka kwa shirika lenyewe. Fahamu pia kwamba mtambo wa aina hii kwa kawaida hujizima gridi inapokatika, ili usiwadhuru mafundi walioko kwenye nguzo. Kama lengo lako ni kuwa na mwanga wakati wa mgao, mtambo huu haukufai.

Kuna kaya nyingine inayostahili kuangaliwa: ile inayotumia yuniti 100 hivi na kulipa kwa daraja la T1. Kwa mwezi hulipa shilingi 35,600. Ikiweza kushuka hadi yuniti 70 na TANESCO ikaihamishia daraja la D1, itakuwa inalipa shilingi 8,540. Yuniti 30 tu zimeokoa zaidi ya shilingi 27,000 kwa mwezi. TANESCO ndiyo inayoamua daraja baada ya kuangalia mwenendo wa matumizi, hivyo uliza ofisini kwao kwanza. Pengine yuniti hizo 30 zitapatikana kwa kubadili balbu, pasi na jokofu la zamani, bila kununua paneli hata moja.

Hesabu ya nne: anayetumia jenereta

Jenereta ndogo ya petroli hutoa takriban yuniti moja hadi mbili kwa kila lita. Kama lita ni shilingi 3,200, yuniti moja inagharimu kati ya shilingi 1,600 na 3,200, bila kuhesabu oili, plagi na fundi. Hiyo ni mara nne hadi tisa ya bei ya T1. Bei kikomo za mafuta kwa kila mji hutangazwa na EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Tumia bei ya eneo lako.

Kinyozi anayechaji pia simu za watu katika kijiji cha mwambao wa Ziwa Tanganyika hutumia lita 2 kwa siku kwa siku 26. Kwa mwezi ni shilingi 166,400, na kwa mwaka ni shilingi 1,996,800. Mtambo wa kilowati 1 pamoja na betri za lithiamu, kwa bei ya mfano ya shilingi 4,000,000, ukiondoa asilimia 85 ya gharama hiyo, utaokoa karibu shilingi 1,697,000 kwa mwaka. Fedha inarudi kwa miezi 28 hivi. Jenereta ibaki kwa siku za mawingu mazito.

Betri ndiyo gharama iliyojificha

Mtambo huo huo wa shilingi 4,000,000 ungempa nini mwenye duka wa mjini? Betri za shilingi 1,800,000 zingemwezesha kutumia asilimia 90 ya umeme badala ya 60, yaani yuniti 411 zaidi kwa mwaka, zenye thamani ya shilingi 146,300. Betri hizo zingehitaji zaidi ya miaka 12 kujilipa, ilhali umri wake wa kutegemewa ni miaka kumi hivi. Kwa kinyozi wa ziwani betri ni faida; kwa mwenye duka wa mjini betri ni gharama ya kununua uhakika. Uhakika una thamani: samaki wakiharibika mara mbili kwa mwaka, hasara hiyo iingizwe kwenye hesabu. Lakini iingizwe kwa kiasi kilichotokea kweli, si kwa hofu.

Aina ya betri nayo ni muhimu. Betri ya asidi ya volti 12 na saa-ampea 100 inabeba yuniti 1.2, lakini ili idumu inapaswa kutumika nusu tu, yaani yuniti 0.6 kwa siku. Ikidumu miaka mitatu itakuwa imepitisha yuniti 657. Kama imenunuliwa kwa shilingi 350,000, kuhifadhi yuniti moja kumegharimu shilingi 533, zaidi ya bei ya kununua yuniti hiyo TANESCO. Betri ya lithiamu ya ukubwa huo inaweza kutumika asilimia 80, takriban yuniti 1 kwa siku. Ikidumu miaka kumi itapitisha yuniti 3,650. Kwa bei ya shilingi 900,000, kila yuniti imegharimu shilingi 247. Hapa rahisi imekuwa ghali. Betri za magari zilizotumika ni ghali zaidi ya zote, kwa kuwa hazikutengenezwa kwa kazi ya kutolewa umeme kila usiku.

Sola ya mkopo

Rudi kwa mwenye duka anayeokoa shilingi 292,600 kwa mwaka. Akikopa shilingi 2,200,000 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, riba ya mwaka wa kwanza peke yake ni shilingi 396,000. Akiba haitoshi kulipa hata riba, achilia mbali deni lenyewe. Kinyozi mwenye jenereta, kwa mkopo wa shilingi 4,000,000 wa riba hiyo hiyo, atalipa riba ya shilingi 720,000 mwaka wa kwanza, na akiba yake ya 1,697,000 itabakiza fedha ya kupunguza deni. Kanuni ni rahisi: akiba ya mwaka ikiwa ndogo kuliko riba ya mwaka, usikope kwa ajili ya sola.

Kopa kwenye taasisi yenye leseni. Watoa mikopo midogo wasiopokea amana husimamiwa na Benki Kuu ya Tanzania chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na SACCOS husimamiwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Mikopo ya mitaani ambayo wananchi wameibandika jina la «kausha damu» haina hesabu yoyote ya sola inayoweza kuibeba.

Kagua bidhaa, fundi na karatasi

Hesabu nzuri huharibiwa na paneli bandia. Paneli nyingi bora za sasa hutoa wati 180 hadi 220 kwa kila mita moja ya mraba. Nenda dukani na futi. Paneli yenye urefu wa mita 1 na upana wa mita 0.7 haiwezi kutoa wati 300, hata kama lebo imesema hivyo. Haitazidi wati 150 kwa wingi. Tafuta alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), jina la mtengenezaji na namba ya bidhaa inayosomeka.

Fundi awe na leseni ya EWURA ya kufanya kazi za umeme, naye akuoneshe leseni hiyo kabla ya kupanda paani. Mtambo uwe na fyuzi na waya wa kutuliza umeme ardhini, maana radi za masika hazichagui paa. Nati za paneli zifungwe kwa namna isiyofunguka kirahisi, kwani wizi wa paneli moja unafuta akiba ya miaka.

Dai risiti ya EFD na dhamana ya maandishi kwa kila kifaa peke yake: paneli, betri, inveta na kidhibiti chaji. Uliza pia nani atakayeitekeleza dhamana hiyo, na kama ana duka au wakala Mpanda. Dhamana inayokutaka usafirishe betri hadi Dar es Salaam kwa gharama yako ni karatasi yenye thamani ndogo. Mpangaji aandikiane na mwenye nyumba kwamba mtambo ni mali yake na ataondoka nao.

Ukiuziwa kitu kisicholingana na maelezo, anza kwa muuzaji, kwa maandishi, ukiwa na risiti. Asiposikia, peleka malalamiko ya ubora TBS, na ya udanganyifu wa kibiashara au bidhaa bandia Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Masuala ya huduma ya TANESCO na mafundi wenye leseni yapelekwe EWURA. Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA CCC) humsaidia mtumiaji kuandaa lalamiko lake.

Hatua sita kabla ya kutoa fedha

1. Andika kwa mwezi mmoja kila shilingi unayotumia kwa mwanga, simu, LUKU au petroli. Zidisha kwa 12.

2. Punguza kiasi hicho kwa sehemu ambayo sola haitaiondoa. Kinachobaki ndiyo akiba yako ya mwaka.

3. Pata bei kutoka kwa wauzaji wasiopungua watatu, kila moja ikijumuisha usafiri, ufungaji na nyaya. Linganisha jumla ya mwisho, si malipo ya siku.

4. Gawanya bei kwa akiba ya mwaka. Jibu ni miaka ya kurudisha fedha.

5. Linganisha jibu hilo na umri wa betri. Miaka ya kurudisha fedha ikizidi umri wa betri, mtambo haujilipi. Unanunua starehe au uhakika, na ni haki yako kununua, mradi ujue.

6. Jiulize fedha hiyo ingefanya nini kwingine: mbolea, ada ya shule, bati la nyumba, mtaji wa duka. Kama kwingine ingezaa zaidi, sola isubiri msimu ujao.

Muuzaji mwaminifu hatakasirika ukikaa naye na kalamu kupitia hatua hizi. Anayekuharakisha kwa kusema kwamba bei inaisha leo jioni amekupa sababu ya kutosha ya kurudi nyumbani na fedha yako.